Wanakuja na Kaskazi: Majira ya Wageni Bucerías

Ukitoka uwanja wa ndege wa Puerto Vallarta, Meksiko, watu wa teksi watakuzonga pale mlangoni. Wasalimie, uwapite, upande daraja la waenda kwa miguu linalovuka barabara kuu. Ng'ambo ya pili kuna mabasi ya kwenda Bucerías, mji mdogo wa pwani, kwa peso chache tu. Ndivyo alivyonielekeza mwenyeji wangu, muuguzi mstaafu niliyefanya naye kazi Toronto, ambaye sasa kila mwaka huhamia huko baridi inapoanza. Pasipoti yangu ni ya Kenya na kwa kawaida ingedai viza ya Meksiko, ila mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa Kanada huruhusiwa kuingia bila viza. Afisa akaitazama kadi, akaniuliza ninakwenda kwa nani, nikapita.

Basi halikwenda mbali likavuka mto Ameca. Mto huo ndio mpaka wa majimbo mawili: nyuma yako Jalisco, mbele yako Nayarit. Hadi mwaka 2010 pande hizi mbili zilitofautiana kwa saa moja, kwa hiyo mtu wa Bucerías mwenye ndege ya kuwahi Vallarta alilazimika kuhesabu saa za kwao na saa za ng'ambo. Mwaka ule Bahía de Banderas, wilaya yenye Bucerías, ikaamua kufuata saa ya Vallarta, mambo yakaisha.

Mimi ni mtu wa Malindi. Nimekua nikiwaona Waitaliano wakijenga, wakioa, wakifungua mikahawa, wakizeeka kwetu, na sikuzote nimewatazama nikiwa upande wa mwenyeji. Bucerías ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa ndani ya nyumba ya mgeni na kuona siku yake inavyokwenda tangu alfajiri. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mji umekatwa vipande viwili na barabara kuu namba 200. Upande wa bahari kuna vijia vya mawe, maboma ya bougainvillea na majengo ya fleti yenye mabwawa ya kuogelea. Upande wa juu kuna shule, mafundi pikipiki, maduka ya vifaa vya ujenzi na wenyeji wengi zaidi. Mwenyeji wangu amepanga upande wa juu, ghorofa ya pili ya nyumba ya mama mmoja fundi cherehani. Anasema chini angesikia Kiingereza kutwa nzima, na hakutoka Kanada kwa ajili hiyo.

Asubuhi huanza na maji. Ya bomba ni ya kuogea na kufulia, hayanywewi. Ya kunywa huja kwa pikapu, ndani ya madumu ya lita 20, na kijana anapita akiita mtaa kwa mtaa. Nilimtazama vizuri siku ya kwanza: dumu begani, ngazi mbili mbili, akalitua, akaifuta shingo yake kwa kitambaa, akang'oa kifuniko, akalipindua juu ya kistendi bila kumwaga tone. Kisha akapokea dumu tupu, pesa na glasi ya maji ya ukwaju. Akaulizia mguu wa mwenyeji wangu. Alikuwa anajua habari za mguu ule kuliko mimi.

Salamu ndiyo hesabu kubwa ya siku. Huingii dukani ukaanza na bei, na ukipita karibu na watu wanaokula, hata usiowajua, unawatakia mlo mwema. Mtu wa pwani yetu hapati taabu na hayo. Niliona wageni waliokaa huko miaka mingi wakifika kwenye kiwanda cha tortilla, chapati za mahindi, wakinyoosha kidole na kuondoka na kilo yao bila neno. Wanauziwa kama wengine, lakini habari za mtaa haziwafikii: bomba limepasuka wapi, maji yatakatika lini, nani amefiwa.

Wengi wao ni Wakanada na Wamarekani, nao hufika kuanzia Novemba na kuondoka mnamo Aprili. Nilipolisikia hilo nilikumbuka majahazi ya zamani yaliyokuja bandari ya Mombasa na kaskazi yakarudi na kusi, maana miezi ni ile ile. Hapa kinachowasukuma ni theluji na sheria. Kibali cha mtalii hakizidi siku 180. Kanada nako, mikoa mingi ina kikomo: ukikaa nje zaidi ya miezi sita au saba kwa mwaka, unapoteza haki ya matibabu ya serikali. Kwa mzee wa miaka 70 jambo hilo huamua tarehe ya tiketi. Anayetaka kubaki huomba ukaazi wa muda, akianzia ubalozini nje ya Meksiko na ushahidi wa kipato, na baada ya miaka minne anaweza kupata wa kudumu.

Maradhi madogo hayana shida. Sikio liliniuma baada ya kuogelea, nikaenda duka la dawa lenye chumba cha daktari ubavuni, nikatibiwa kwa pesa isiyotosha chakula cha mchana Toronto. Maradhi makubwa ndiyo yanayowatisha wazee. Bima binafsi hupanda kadiri umri unavyopanda, na bima ya hiari ya IMSS, shirika la umma, haipokei kila mtu mwenye ugonjwa wa zamani.

Habari ya ardhi niliiulizia zaidi ya yote. Ibara ya 27 ya katiba ya mwaka 1917 inamkataza mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka baharini au 100 kutoka mpakani. Njia inayotumika ni amana ya benki: benki ndiyo yenye hati, mgeni ananufaika kwa miaka 50, na muda unaweza kuongezwa. Kwetu Kenya katiba ya 2010 inampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99. Nchi zote mbili ziliona hatari ile ile. Lakini sheria ya hati haizuii kodi ya nyumba kupanda. Binti wa yule mama cherehani anasafisha vyumba hotelini, na analala San José del Valle, bara kidogo, ambako wafanyakazi wengi wa hoteli wamesogea. Chumba alichozaliwa ndicho anachopanga mwenyeji wangu kwa dola. Rafiki yangu analijua hilo na linamkera. Ameshazungumza na mama kuhusu kuhama, na mama amemkatalia, kwa sababu kodi ile ndiyo inayomsomeshea wajukuu. Sikuona jibu rahisi, na sioni sasa.

Jumapili kuna masoko mawili. La Cruz de Huanacaxtle, dakika chache kwa basi, wageni hukusanyika bandarini kwa mikate, jibini na vito vya fedha. Pale mabaharia wa mashua za matanga huwasiliana asubuhi kwa redio: hali ya hewa, nani ana kipuri, nani anahitaji daktari. Machi baadhi yao hung'oa nanga kuelekea Polinesia. Bucerías kwenyewe kuna gulio la wenyeji, lenye mitumba, sufuria, maembe, maua ya choya yaliyokaushwa na samaki. Mimi nilipenda gulio.

Kitu kimoja kilinishika moyo, nacho nilikikuta kwenye barabara ya ufukweni Vallarta. Mzee alikuwa amebeba kibuyu kikubwa begani, akamimina kinywaji cheupe, akatia vipande vya tufaha na karanga. Nilipoonja nilimwangalia usoni: utomvu wa mnazi, uliogemwa karibuni, mtamu, haujachacha. Ugemaji ule ulifika pwani hii, hasa jimbo la Colima, pamoja na Wafilipino waliokuja kwa merikebu za Manila, zilizokwenda na kurudi Acapulco kuanzia mwaka 1565. Nikamweleza kwa Kihispania changu kidogo kwamba Wagiriama kwetu hupanda mnazi kwa ngazi zilizochongwa kwenye shina lenyewe. Akaweka kibuyu chini, akanionyesha kwa mikono jinsi kwao wanavyochonga.

Wageni wachache wanaobaki wakati wa joto hutazamwa kwa jicho jingine. Kuanzia Juni mvua inanyesha, jasho halikauki, mikahawa mingi inafungwa, na watu husikiliza habari za vimbunga. Oktoba 2023 kimbunga Lidia kilitua kusini ya Vallarta kikiwa cha daraja la 4. Waliokesha usiku ule pamoja na majirani zao wana heshima mtaani ambayo aliyekuja Novemba na miwani ya jua bado hana.

Kabla sijaondoka, yule mama aliniuliza kama kwetu njia za kwenda baharini bado ziko wazi. Nikamwambia baadhi ziko, nyingine zimebaki uchochoro kati ya kuta mbili, na mlinzi anakuuliza unakwenda wapi. Akasema kwao ufukwe ni mali ya taifa, mita 20 kutoka maji yanapofika juu kabisa, na tangu 2020 mwenye jumba anayeziba njia anaweza kutozwa faini. Yeye, alisema, hangoji faini. Jumapili ile alitutangulia na wajukuu, viti na sufuria ya samaki, akapita katikati ya majengo ya fleti, rafiki yangu nyuma yake amebeba mwavuli. Mlinzi akasimama. Mama akamsalimia, akamuulizia mamake, wala hakupunguza mwendo.