Usukani wa 404 ya baba

Kwa miaka miwili Peugeot 404 ya baba ilikuwa inakata kona ya kulia bila shida, lakini kushoto kwa tabu. Ukitaka kuigeuza pale karibu na soko la Mbuyuni, upande wa kulia inazunguka kwa mara moja. Upande wa kushoto ni lazima urudi nyuma kwanza ndipo umalize. Barabara ikinyooka, usukani ulikuwa umekaa sawa kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeushuku. Gereji iliyoufungua mara ya mwisho ilituambia magari ya zamani ndivyo yalivyo.

Sikukubali. Gari ya aina hii ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na ile miaka miwili ya katikati aliyeiendesha ni Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania. Baba hachoki kulisimulia hilo. Gari iliyopita kwenye matope ya wakati ule haikuundwa ikate kona upande mmoja.

Nilianza kazi Julai, na kibaridi chetu cha Moshi, kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Kufungua hakukuchukua muda: nilitoa waya wa betri, nikapiga picha kila waya wa indiketa, honi na taa kabla ya kuugusa, nikavuta usukani kwa pula, kifaa cha kuuchomoa bila kuugonga. Baada ya hapo ndipo nilipoona yaliyofanyika. Nyuzi za ncha ya shafti, ule mtaimbo unaoshuka kutoka kwenye usukani, pale inapokaa nati ya usukani, zilikuwa zimepondeka. Mtu aliutoa usukani kwa nyundo. Ukigonga pale juu, pigo haliishii pale. Linashuka na shafti hadi kwenye raba inayoiunganisha na raki ya stelingi chini, chuma chenye meno kinachosogea kushoto na kulia kugeuza matairi. Na kweli, raba ilikuwa na nyufa nilizoweza kuingiza ukucha. Bushi ya juu, pete inayoshikilia shafti, nayo ilikuwa imeliwa upande mmoja, ndiyo maana usukani ulikuwa ukicheza juu na chini mkononi.

Bushi haikunisumbua. Nilimpelekea fundi wa kukereza vyuma Majengo, akanitengenezea ya nailoni siku ile ile, na nyuzi za shafti akazipitisha dai, kifaa cha kuchonga nyuzi, zikakubali nati hadi mwisho. Raba ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kijana mmoja wa gereji alinishauri niikate kutoka kwenye tairi kuukuu, akasema wengi wanafanya hivyo. Nikaenda kwa mzee jirani yetu, fundi mstaafu, ambaye mtaa mzima tunamwita Meku.

"Shikamoo Meku. Raba ya stelingi naweza kukata ya tairi?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Ya bampa kata, ya mlango kata. Hiyo hapo ndiyo inayoshika mkono wako na tairi. Ikichanika ukiwa unashuka Kibosho, utazungusha usukani na gari haitageuka."

Tukaagiza mpya Ufaransa, na gari ikakaa juu ya mawe wiki tano ikiisubiri. Sijutii hata siku moja kati ya hizo.

Wakati nasubiri, nililala chini ya gari na tochi, na hapo nikaelewa kisa cha kona ya kushoto. Tairodi, fimbo inayounganisha raki na tairi, ya upande mmoja ilikuwa imefungwa ndani sana, ya pili imetolewa nje, tofauti yake unaiona kwa macho ukihesabu nyuzi zilizo wazi. Aliyefunga usukani mara ya mwisho aliuingiza kwenye meno ya shafti bila kujua raki iko wapi. Ulipotokea kuwa umepinda, badala ya kuutoa tena, alizungusha tairodi mpaka ukanyooka. Dereva akaona usukani sawa, matairi yakaenda sawa, lakini raki ilikuwa imesogea upande, haiko katikati. Upande mmoja ilikuwa na safari ndefu, wa pili inagota mapema.

Kwa hiyo sikuanzia juu. Nilizungusha kichwa cha raki mpaka kikagota kushoto, nikaweka alama ya chokaa, nikakizungusha hadi kulia nikihesabu mizunguko, nikarudi nusu ya hesabu. Nikarudia mara tatu mpaka alama ikaangukia pale pale. Hapo ndipo katikati. Nikamwambia mdogo wangu asikiguse tena chochote chini, hata kwa bahati mbaya.

Kisha raba. Boliti zote niliziingiza kwa mkono kwanza, nikakaza kidogo kidogo kwa kupokezana ili raba isijipinde, na nati nilizotumia ni mpya, zile zenye nailoni ndani zisizolegea kwa mtikisiko. Kila nati nikaipiga mstari wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma. Ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na unaona.

Nguzo ya usukani niliifunga mara mbili. 404 mkono wake wa gia uko kwenye nguzo, si sakafuni, na fimbo za gia lazima zikae mahali pake kabla hujakaza vishikizo vya chini ya dashibodi. Mimi nilikaza kwanza. Gia ya pili ikakataa kuingia, ikabidi nilegeze kila kitu, nipange fimbo, nipake grisi, ndipo nifunge upya. Ukiwa na gari yenye gia za usukani, jaribu gia zote nne na ya nyuma kabla ya kukaza boliti ya mwisho.

Usukani ukaja mwisho. Nilinyoosha mikono yake, nikauingiza kwenye meno, nikakaza nati. Halafu nikazirekebisha tairodi zote mbili zilingane, na siku iliyofuata tukaivuta polepole hadi kwa watu wa alaimenti, wanaopima na kunyoosha matairi, wakamalizia kwa vipimo.

Baba ndiye aliyeendesha mara ya kwanza. Tulipanda barabara ya Kibosho, kona juu ya kona, migomba pande zote mbili. Kwenye kona moja kali ya kushoto alizungusha usukani, gari ikaingia, kisha akaulegeza viganja wazi, na usukani ukarudi wenyewe katikati ukitelezea chini ya vidole vyake. Hakusema neno. Mbele kidogo akatafuta sehemu pana, akaigeuza gari kwa upande wa kushoto, mara moja tu, bila kurudi nyuma. Akaigeuza tena.

Jana zimetimia kilomita mia mbili. Nimefungua boneti asubuhi kabla jua halijapanda, nimemulika tochi kwenye raba. Mistari myeupe yote iko pale pale nilipoichora.