Kitana cha makumbi

Nilipeleka kurasa kumi na moja za maelezo ya mashine yangu. Zikarudi mbili, nazo zimejaa wino mwekundu.

Mwaka 2016, gereji kwetu Tanga, nilikuwa na mashine yangu ya kufua nazi: roli mbili za meno zinazozunguka kuelekeana, zinadaka kumbi na kulichana. Ami yangu wa Pangani, aliyefua kwa kifuo tangu ujana, aliitazama nazi ya kwanza ikitoka, akasema, "Basi kifuo nikitie jikoni."

Dada mmoja mwalimu wa chuo, mjuzi wa mambo ya hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, akanishauri kabla sijalipa ada BRELA, wakala wa serikali unaosajili hataza, tuandike maelezo ya uvumbuzi, tuangalie kama kuna aliyenitangulia. Nikaandika usiku kucha: inaokoa muda, itamkomboa mkulima, haijapata kuonekana Afrika Mashariki.

"Fundi, hili tangazo la biashara," akasema. "Na ikiwa imeshaandikwa Ufilipino, imeshaandikwa. Haijalishi Tanga hawajaiona."

Tukafungua Espacenet, hifadhi ya hataza isiyolipiwa, fungu A23N 5, la mashine za kumenya na kupasua vyenye ganda. Roli za meno zilikuwa tele. Michoro mingine ungedhani mtu alichungulia gereji yangu, ila ilikuwa na umri kunishinda. Nikanyamaza. Nilitamani kurudi kuchomelea mageti.

Yeye hakusimama. "Nyuzi zikizonga meno, unafanyaje?"

"Si kuna kitana."

"Kitana gani?"

Kipande cha chuma nilichokata meno, nikakibana chini ya roli kipanguse nyuzi kila mzunguko. Nilikitia kwa hasira tu, sikukiandika hata kwa neno moja. Akanipa karatasi nyeupe: chora, pima pengo, andika meno yanapishanaje. Tukakitafuta hicho peke yake hadi saa nne usiku. Hatukukiona.

Ndipo akauliza nani ameiona mashine, maana hata kuionyesha hadharani kunaweza kuondoa upya wake. Moyo ukanilipuka. Nane Nane Morogoro! Niliiwasha mbele za watu kutwa nzima.

"Kitana kilikuwapo?"

"Hakikuwapo, dada. Ndiyo maana nyuzi zilizonga, mashine ikazima, uwanja mzima ukanicheka."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. "Walikucheka tarehe ngapi?" akauliza, kalamu mkononi.