Wazee wa Rankin Inlet na ramani ya nyumba mpya

Jamani, niwape habari za Rankin Inlet, kule Nunavut, kaskazini mwa Kanada, nilikokwenda kikazi. Hakuna barabara inayouunganisha mji huu na mwingine. Watu husafiri kwa ndege, na mizigo mizito huja kwa meli barafu ikishayeyuka.

Tulitandaza ramani ya nyumba mpya ukumbini. Bibi mmoja wa Kiinuiti, yaani wenyeji wa asili wa huko, akisaidiwa na mkalimani, aliweka kidole kwenye safu moja ya nyumba akaonyesha upepo wa kaskazini-magharibi utakaporundika theluji: milangoni kabisa. Kisha akauliza, sili (mnyama wa baharini anayewindwa huko) atachunwa wapi? Swali zito hilo. Nyumba nyingi za huko zilichorwa kwa mfano wa miji ya kusini, jiko dogo na sebule ya makochi. Familia inataka sakafu pana ya kukatia nyama ya sili na kulungu wa kaskazini na kula pamoja, tena chumba cha baridi mlangoni cha kuwekea ngozi na zana za kuwindia.

Nyumba husimama juu ya nguzo ili joto lake lisiyeyushe ardhi iliyoganda mwaka mzima. Hilo wahandisi wanalijua vizuri. Ya sili na theluji wanayajua wenyeji, na kwa maoni yangu waulizwe kabla mstari wa kwanza haujachorwa.

Safu ile imegeuzwa mwelekeo. Sasa vijana wanataka njia za pikipiki za theluji zipite walikozoea, hadi baharini. Mkutano ujao ni wa hilo.