Ukifika Roma usiishie Colosseum, panda treni uende Ostia

Watu wengi wakienda Roma wanapanga foleni Colosseum, wanapiga picha, wanaenda kutupa sarafu kwenye chemchemi ya Trevi, basi wanarudi nyumbani wanasema wameiona Roma ya kale. Colosseum ni kitu kikubwa, sikatai, lakini pale unaona mambo ya makaisari, fahari zao na michezo yao. Mi nilikua nataka kumjua yule mtu wa kawaida, kuli, mwoka mikate, karani wa bandari, alikua analala wapi, anakula wapi, na jibu lake liko Ostia Antica, kama nusu saa kwa treni kutoka stesheni ya Porta San Paolo pale Piramide. Ukishuka unavuka daraja la waenda kwa miguu, unatembea kidogo umefika.

Ostia ilikua bandari ya Roma, imekaa pale mto Tiber ulipokua unaingia baharini. Saa hizi huioni bahari kabisa, imesogea kilomita kama 3 kwa sababu mto umekua ukishusha mchanga na matope karne zote hizo, alafu mwaka 1557 yakaja mafuriko makubwa, mto wenyewe ukahama njia ukauacha mji. Na hapo ndo bahati ilipo, maana zamani kabla ya mafuriko hayo biashara ilishahama, malaria ikaingia, watu wakaondoka kidogo kidogo na mji ukafunikwa badala ya kujengewa juu kama Roma yenyewe. Marumaru yalichukuliwa sana kwenda kujengea kwingine, lakini matofali yalibaki. Sehemu kubwa ya tunayoiona leo ilifukuliwa kati ya 1938 na 1942 chini ya mwanaakiolojia Guido Calza, maana serikali ya Mussolini ilitaka mji uwe tayari kwa maonyesho ya dunia ya 1942, ambayo hata hayakufanyika sababu ya vita. Hio haraka inaniuma mpaka leo, mabaki mengi ya karne za mwisho za mji yaliondolewa bila kuandikwa vizuri na hayawezi kurudi.

Sasa twende kwenye sehemu niipendayo kuliko zote. Nyuma ya ukumbi wa maigizo kuna uwanja mkubwa, Piazzale delle Corporazioni, umezungukwa na vyumba vidogo vidogo kama 60, na mbele ya vyumba hivyo sakafu imepambwa kwa mozaiki za vijiwe vyeusi na vyeupe. Kama umewahi kupita zile ofisi za mawakala wa meli karibu na bandari ya Mombasa au Dar utaelewa mara moja hapa ni wapi. Vilikua kama ofisi za wafanyabiashara wa meli: huyu anatoka Karalis, yaani Cagliari ya leo kule Sardinia, huyu Narbonne ya Ufaransa, huyu Carthage ya Tunisia, na kila mmoja kaweka alama yake chini mlangoni: meli yenye tanga, pishi ya kupimia ngano, pomboo, mnara wa taa unaowaka moto juu. Inama uangalie zile meli kwa karibu, fundi kaweka kamba za tanga na makasia mawili ya usukani nyuma, mtu aliyezijua meli kweli kweli.

Wafanyabiashara wa Sabratha, mji wa Libya ya leo, wao waliweka tembo. Tembo mmoja, mwili wake wote vijiwe vyeusi, na maandishi yao juu yake. Wengine wanasema ni kwa ajili ya biashara ya pembe, wengine wanasema ni wanyama wa kupelekwa kwenye michezo. Nilisimama pale muda mrefu, maana pembe hazikua zikienda Roma kutoka Afrika kaskazini tu. Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, unaitaja pwani yetu kwa jina la Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, ambalo wataalamu wengi wanaliweka pwani ya Tanzania, na unasema wazi kua kule zilitoka pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Mali ikipanda Bahari ya Shamu, ikifika Misri, ikishuka Nile mpaka Alexandria, basi kutoka hapo meli zilikua zinakuja upande huu. Sisemi yule tembo ni wa kwetu, ni wa Sabratha, ila ule uzi wa biashara ulikua mrefu na sisi tulikua kwenye ncha yake.

Mzigo mkubwa lakini ulikua ngano. Kaisari Augusto mwenyewe aliandika kua watu zaidi kidogo ya 200,000 wa Roma walikua wanapewa ngano na serikali, nayo ilitoka Misri na upande wa Tunisia. Ndo maana Ostia imejaa maghala, na ukiingia kwenye lile kubwa utaona sakafu imenyanyuliwa juu ya vijikuta ili hewa ipite chini, ngano isipate unyevu ikaoza. Kutoka hapo mzigo unapakiwa kwenye matishari, unavutwa kwa kamba kupandisha mto mpaka Roma.

Na hao makuli wote walikua wanakaa kwenye fleti! Ghorofa za matofali, nyingine inasemekana zilifika 4 au 5, duka chini, wapangaji juu, maji unafuata kwenye bomba la mtaani. Matofali mengine yana muhuri wenye majina ya makonsuli, yaani wakuu wa serikali wa mwaka ule, kwa hio wataalamu wanasoma tofali wanajua ni la mwaka 123 BK. Mtaa wa Diana kuna mgahawa wenye kaunta ya marumaru mpaka leo, ukutani wamechora vyakula, na nyuma kuna uwanja wenye benchi la kukaa. Kwingine, kwenye chumba cha wale Wahenga Saba, wamechora wanafalsafa wakubwa wa Ugiriki wakitoa ushauri wa kupata choo, Solon, mmoja wao, anasugua tumbo. Watu wa bandarini walikua wanacheka kama sisi.

Kabla ya hapo Ostia ilishazidiwa na meli, mwaka 42 BK kaisari Klaudio akaanza kujenga bandari mpya, Portus, kaskazini kidogo. Meli kubwa mno iliyokua imeleta mnara wa jiwe kutoka Misri wakati wa kaisari Caligula ikajazwa zege ikazamishwa iwe msingi wa mnara wa taa, na lile jiwe lenyewe ndo lile linalosimama leo katikati ya uwanja wa Mtakatifu Petro. Kaisari Trajani akaongeza bwawa la pembe sita, na lipo bado, ukiwa unatua Fiumicino kaa dirishani uangalie chini.

Jumatatu pamefungwa, usiende. Beba maji na kofia, vaa viatu vigumu maana barabara ni ya mawe meusi ya volkano na ni zaidi ya kilomita moja. Ukirudi Piramide kabla ya kwenda kulala tembea mpaka Monte Testaccio, kilima cha mita kama 35 ambacho chote ni vigae vya mitungi, mingi ya mafuta ya zeituni kutoka Hispania, iliyopakuliwa hapo mtoni ikavunjwa ikapangwa. Kupanda juu lazima uombe ruhusa mapema, lakini baadhi ya migahawa ya pale chini wameacha ukuta wa nyuma wazi kwa kioo, unakula huku unaviona vigae vimepangwa safu kwa safu.