Uzoefu wangu: Kumlea mtoto mwenye tundu la moyo, tangu arobaini hadi baada ya upasuaji

Moyo wenye tundu humdanganya mzazi mara mbili. Mara ya kwanza ni mwanzoni, mtoto anapozaliwa mzima, ananyonya na kulala vizuri, wala hakuna anayeshuku kitu. Mara ya pili ni baadaye, anapoonekana amepata nafuu kumbe ndipo mambo yanapoharibika. Binti yangu alikuwa na tundu kubwa katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo, na hofu zangu nyingi zilitulia nilipoelewa udanganyifu huo.

Mtoto anapozaliwa, mishipa ya mapafu huwa bado imebana, kwa hiyo damu haipiti sana kwenye tundu. Kati ya wiki ya 4 na ya 8 mishipa hiyo hulegea. Damu sasa huvuka kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia na kufurika mapafuni. Hesabu hiyo huangukia pale pale kwenye arobaini. Mtoto ametolewa nje, watu wamempakata, na wiki hiyo hiyo anaanza kutweta na kutokwa jasho la kichwa akinyonya. Ndiyo maana huku kwetu Mombasa neno la kwanza huwa ni jicho. Bibi yake alisema hivyo, nami sikumbishia: alimsomea Yasini, kisha tukaenda hospitali. Nilichokataa ni wembe. Kukata kilimi, kuchanja chale, hata kutoga masikio kwa sindano na uzi, vyote hufungua njia ya vijidudu kuingia kwenye damu, na vijidudu hupenda kung'ang'ania palipo na kasoro ya moyo. Masikio yanaweza kungoja.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kuhesabu pumzi. Hesabu akiwa amelala, hajatoka kunyonya wala kulia. Pandisha fulana mpaka chuchu, weka saa ya simu dakika 1 kamili, na kila tumbo linapopanda ni pumzi moja. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara 4, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa vipindi na utapotea. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka, 50 au zaidi. Lakini mtoto wa moyo ana kawaida yake mwenyewe. Wangu akiwa sawa alipumua 52 hadi 56 usingizini, na daktari alitaka niijue hiyo, ili siku ikifika 70 nisisubiri asubuhi. Nilikuwa na daftari moja: tarehe, pumzi, maziwa, nepi zilizolowa. Kliniki daftari hilo lilisaidia kuliko maelezo yangu yote.

Rangi ya kukosa oksijeni usiitafute kwenye vidole. Mpandishe mdomo utazame ulimi na fizi mchana penye mwanga wa dirisha. Ulimi ukiwa wa zambarau, au mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, au akiguna, au akikataa kunyonya mara mbili mfululizo, beba mtoto uende hospitali.

Kunyonya kwake ni kama mtu mzima kupanda ngazi. Akipitisha dakika 25 au 30 anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata, na uzito haupandi hata akishinda kifuani. Nilimnyonyesha dakika 20 kila baada ya saa 2 au 3, kisha nikamalizia kwa maziwa niliyokamua, kwa kikombe kidogo. Maziwa yanayotoka mwanzo ni mepesi na ya mwisho ndiyo yenye mafuta, kwa hiyo nilikamua kidogo kwanza, nikayaweka kando, halafu ndipo nikampa ziwa. Mtoto mzima wa miezi ya kwanza huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Wangu hakufika huko, lakini alipanda. Mpime kwenye mizani ile ile, bila nguo. Na uzito ukiruka ghafla kwa siku mbili tatu huku kope zimevimba, usishangilie, hayo ni maji.

Alipofika miezi 6 tulimwanzishia uji mzito, si wa kunywa. Kijiko cha tui zito la kwanza ndani ya bakuli humpa nguvu bila kumjaza tumbo. Chumvi hapana, wala mchuzi wa ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, kwa kuwa chumvi huvuta maji na maji hurudi mapafuni.

Dawa ndipo watu wengi wanapokosea. Furosemidi, dawa ya kukojoza ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, huja kama tembe ya miligramu 40, na mtoto wa kilo 4 aliyeandikiwa miligramu 1 kwa kilo anahitaji sehemu moja ya kumi ya tembe. Huwezi kuikata hivyo kwa kisu. Mfamasia wa hospitali alinielekeza kusaga tembe nzima, kuikoroga kwenye mililita 10 za maji masafi, na kuvuta mililita 1 kwa sirinji isiyo na sindano. Shida ni kwamba unga wake hauyeyuki vizuri, unazama. Ukikoroga, ukaenda kupokea simu, ukarudi kuvuta juu, umempa maji matupu, na dozi inayofuata kutoka chini inakuwa kali. Koroga, vuta papo hapo, kinachobaki mwaga. Kijiko cha nyumbani kisitumike kabisa, maana vijiko havilingani.

Kosa jingine ni dozi kubaki nyuma ya uzito. Mtoto akifika kilo 5 na bado anapewa ile ya kilo 4, utamwona anaanza kutweta ukadhani tundu limepanuka. Kila nilipompima niliuliza: bado ni ile ile? Hesabu yenyewe aifanye daktari, usiibadilishe nyumbani.

Baadaye waliongeza dawa nyingine mbili, spironolaktoni na kaptoprili. Hapo kuna jambo la kuliangalia sana huku Pwani: madafu. Yana potasiamu nyingi, na dawa hizo mbili huizuia isitoke mwilini. Ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Kila mgeni anataka kumwonjesha mtoto dafu apate nguvu, na mimi nilisema hapana bila kuona haya. Akiharisha au akitapika, hasa kwenye joto la Februari, mpigie daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kukojoza juu ya kuharisha humkausha upesi.

Sasa udanganyifu wa pili. Matundu madogo mengi huziba yenyewe. Kubwa likiachwa, mishipa ya mapafu inayopigwa na damu hiyo kila siku huanza kukakamaa, damu inayovuka inapungua, na mtoto anatulia. Hatweti tena, ananenepa, hata ile sauti ya tundu ambayo daktari huisikia kifuani inafifia. Familia inashukuru na kuacha kliniki. Mishipa ikishakakamaa kabisa, tundu halizibwi tena. Kwa macho, nafuu ya kuziba na nafuu ya kukakamaa zinafanana. Eko, yaani kipimo cha kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndiyo inayotofautisha, na ifanywe na mtu aliyezoea watoto. Eko yetu ya kwanza mtoto alilia mwanzo hadi mwisho, picha haikueleweka, na tulilipa tena. Ya pili nilimpeleka na usingizi, nikamnyonyesha pale pale kitandani.

Upasuaji wa tundu kubwa lenye dalili kwa kawaida haungojwi kupita mwaka wa kwanza. Kwetu ulikuwa Nairobi. Cheti cha kuzaliwa nilikishughulikia mapema na kumwandikisha mtoto SHA, bima ya afya ya serikali, chini yangu, kwani kibali cha malipo hutangulia tarehe ya upasuaji. Wiki mbili kabla ya safari hatukwenda harusi wala kupanda feri wakati wa msongamano. Mafua peke yake huahirisha upasuaji. Na ukifika Nairobi, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kushuka kidogo kwa sababu ya mwinuko, usishtuke kabla ya kuuliza.

Aliporudi, kifua kilikuwa kimepasuliwa katikati, na mfupa huo huchukua wiki 6 hadi 8 kushikana. Wageni hufika wakitaka kumnyanyua kwa makwapa, na kumvuta hivyo hutanua mfupa. Kila aliyemshika nilimwonyesha kwanza: mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya shingo na mabega, umchote kama unavyochota mtoto mchanga.