Tarakimu 21

Jana usiku nilizidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287 kwa mkono. Kalamu ya risasi, karatasi, mistari minane ya kujumlisha, zaidi ya saa nzima. Jibu la kwanza lilikuwa na kosa. Nililigundua kwa hesabu ya tisa: jumlisha tarakimu za namba ya kwanza, unapata 37, kisha 10, kisha 1. Za namba ya pili zinatoa 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja, kwa hiyo na tarakimu za jibu zilipaswa kuishia kwenye 1. Zangu ziliishia kwenye 4. Nikarudi mstari kwa mstari, nikakuta nimesahau kubeba 6 nilipokuwa nikizidisha kwa 7. Nikasahihisha, ndipo ikajitokeza:

147,573,952,589,676,412,927

Ni 2 kwa kipeo cha 67, kasoro 1. Ukiiandika kwa sifuri na moja, kama kompyuta zinavyofanya, inakuwa moja 67 zilizofuatana, bila sifuri hata moja katikati. Kwa sura hiyo inaonekana kitu kizima, kisicho na ufa.

Labda hata mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne aliiona hivyo. Mwaka 1644 aliiweka katika orodha yake ya namba za aina hii alizosema ni tasa. Neno hili la Kiswahili hunigusa kila ninapolitumia. Namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kana kwamba haikujaliwa kitu. Ni neno zito kumpa yeyote bila ushahidi, na namba hii ilipewa kwa kauli ya mtu mmoja. Ilipita miaka 232 kabla ya Édouard Lucas, mwaka 1876, kuthibitisha kwamba si tasa.

Ila hakuonyesha kigawo hata kimoja. Hapa ndipo ninaposhindwa kulala.

Njia yake, kama inavyofundishwa siku hizi, inaanza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoichunguza, chukua baki. Rudia. Kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 kasoro 1, unapata 4, 14, 8, kisha 0. Sifuri ikitokea katika hatua ya mwisho, namba ni tasa. Isipotokea, si tasa, na hakuna la kubishania. Kwa namba yetu hatua ni 65, yaani kipeo 67 kasoro 2. Unatoka ukiwa na hakika kamili kwamba kuna vigawo ndani, bila kujua hata tarakimu moja ya kigawo chochote.

Vigawo vilionyeshwa na Frank Nelson Cole mwezi Oktoba 1903, katika mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani jijini New York. Husimuliwa kwamba alizidisha ubaoni bila kusema neno, akarudi kukaa huku watu wakipiga makofi, na kwamba baadaye alisema kazi ile ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Mimi nilihitaji saa moja na ushei kuhakikisha alichokipata. Kila kigawo cha namba hii, ukikigawa kwa 134, lazima kibakize 1. Nilijaribu cha kwanza: 134 mara 1,445,580, jumlisha 1. Sawasawa kabisa. Alama hiyo ilimpunguzia Cole kazi, lakini bado njia ilikuwa ndefu mno.

Leo nimerudia njia ya Lucas kwa 2,047, yaani 2 kwa kipeo cha 11 kasoro 1. 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Si sifuri. Vigawo vyake ni 23 na 89, vimo humo muda wote, na safu nzima ya mabaki haikuvitaja hata mara moja.