Kipande cha Kumi na Mbili

Jumamosi iliyopita mwanangu alirudi kutoka kwenye mafunzo ya kikundi chao ya kutengeneza sabuni akiwa na mfuko wa kostiki soda, chupa za mafuta ya nazi na daftari lililojaa vipimo. Akaingia jikoni, akashusha sufuria yangu ya wali, ile kubwa ya aluminiamu, akatia maji. Nilipomwona ameshika kijiko cha kostiki nikapiga kelele kabla sijajua nasema nini.

"Si kwenye sufuria hiyo! Itailaaa!"

Akaduwaa. "Mama, umejuaje? Mwalimu katuambia jana tu, na mimi nimeshasahau."

Mama yangu alikuwa barazani, ametupa mgongo, anachambua mchicha. Hakugeuka. Nikamjibu mtoto kwamba ni mambo ya zamani, nikaenda kumtafutia ndoo ya plastiki, nikamkumbusha atie kostiki kwenye maji, asimwage maji juu ya kostiki. Lakini tangu mafuta yalipoanza kunukia pale jikoni sijatulia. Ndiyo maana naandika.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa habari za mwaka 1983. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha tangu 1979 lakini madukani rafu zilikuwa tupu, na Machi mwaka ule ulipoanza msako wa wahujumu uchumi tukasikia kuna watu wanatupa katoni za sabuni usiku wasije wakakutwa nazo. Sisi hatukuwa na cha kutupa. Nguo tulifulia majani ya mpapai: unayatwanga kidogo, unasugua, unasuuza. Uchafu unatoka, ila shati jeupe linabaki na ukijani ambao jua la Lindi lote haliwezi kuuondoa. Mama alikuwa akilipiga kanji ya muhogo na pasi ya mkaa mpaka likasimama wima kama karatasi, angalau kwenye ukaguzi wa Jumatatu lionekane limetunzwa. Nilikuwa darasa la nne.

Bibi alikuwa ameshalala kitandani mwezi wa pili. Chumba chake kilitazama uani.

Siku moja Baba Mdogo akavuka kutoka Kitunda, ng'ambo ya ghuba, na nazi 30 kwenye mtumbwi. Mimi moyoni nikaona wali wa nazi, nikaona samaki wa kupaka, nikaona mambo mengi. Mama akazihesabu, akasema, "Hizi haziliwi. Hizi sabuni."

Kazi ile naiona mpaka leo hatua kwa hatua. Kwanza makumbi: tulifua nazi zote, tukayachoma makumbi uani mpaka yakawa majivu meupe. Mama akachukua chungu cha zamani kilichotoboka chini, akaziba tundu kwa nyuzi za kumbi, akashindilia majivu, akawa anamwagia maji kidogo kidogo. Yakidondoka chini kwenye bakuli yanakuwa na rangi ya chai kavu, na ukiyagusa yanateleza kati ya vidole. Yaliyotoka mepesi aliyarudisha juu tena. Kipimo chake kilikuwa yai. Yai likizama, maji bado. Likielea na sehemu yake iliyojitokeza ikawa kama upana wa sarafu ya shilingi, maji tayari. Akatia na unyoya wa kuku, ukanyong'onyea mbele ya macho yangu mpaka ukabaki uti. Akaniambia, "Umeona? Ndivyo litakavyokuwa jicho lako ukichezea." Sikuchezea.

Mafuta tuliyatoa kwa siku mbili. Mimi na dada kwenye mbuzi, Mama kwenye kifumbu, tui likachemshwa mpaka maji yakaisha na mafuta yakapanda juu, safi, na mashata ya kahawia yakabaki chini. Mashata tulikula sisi watoto. Nazi 30 zilitoa mafuta chupa tatu za bia, na Mama hakuruhusu hata tone la kupaka nywele.

Kisha vikaingia pamoja, mafuta na maji ya majivu, kwenye chungu cha udongo juu ya mafiga. Sufuria alizifungia ndani kabisa. "Maji haya yanakula sufuria," alisema, na hapo ndipo nilipojua kile nilichompigia kelele mwanangu. Nikapewa mwiko mrefu. Nilikoroga tangu Adhuhuri. Bibi sauti yake ilikuwa imekwisha, lakini kila mwiko uliponyamaza alinisikia kutoka kitandani: "Koroga! Upande mmoja!"

Karibu na Alasiri ule mchanganyiko ukawa uji mzito, wa hudhurungi, unavutika. Kwa majivu peke yake sabuni inabaki hivyo hivyo, laini, ya kuchota. Mama alitaka ya kukata. Akaleta chumvi ya mawe, akatia konzi moja, nyingine, nyingine. Sabuni ya nazi ina kiburi kwa chumvi, inataka nyingi, na mimi niliona kama anaharibu. Mara sabuni ikaanza kujitenga, ikapanda juu kama maziwa yaliyoganda, maji machafu yakabaki chini. Mama akacheka. Mwaka ule alicheka mara chache, ile naikumbuka. Tukaiteka, tukaishindilia kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa jani la mgomba.

Baada ya siku mbili akaikata kwa mshipi wa kuvulia, anaubana ncha moja kwa meno. Vipande 12. Vile vibaki vya pembeni akavikusanya, akavifinyanga kiganjani mpaka vikawa kidonge cha mviringo, akaninyooshea: "Hii yako. Ya kukoroga." Vipande akavipanga juu ya uchaga vikauke wiki tatu, maana sabuni mbichi ni hasara, inaishia mkononi.

Kidonge changu kilikwisha kwa siku nne. Nilikuwa naoga kisimani nayo, na maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi, sabuni za dukani zilikuwa zikikataa kabisa kutoa povu pale. Hii ilitoa. Hata kwenye maji ya bahari, Rasbura, ilitoa povu. Hiyo ndiyo tabia ya sabuni ya nazi, na mwanangu amenisomea hivyo hivyo kutoka kwenye daftari lake. Mimi nilidhani ni muujiza wa Mama.

Kwa hiyo nikapanda kwenye uchaga, nikachukua kipande kimoja.

Sikukitumia. Nilikifunga kwenye kitambaa, nikakichimbia ndani ya godoro langu la sufi, na usiku nilikuwa nakinusa. Mama alipoviteremsha alihesabu mara mbili. Nilikuwa nimesimama pale pale. Alinyamaza, akavitia kwenye debe, akafunika.

Saba kati ya vile 11 vilikwenda kwa mtu aliyekuwa na kitambaa cheupe, vikabadilishwa na yadi mbili za shati langu jipya la shule. Vinne vilivyobaki vilifulia shuka za Bibi. Anayeuguza mtu asiyeweza kuinuka anajua shuka zinavyofuliwa, kila siku, na siku nyingine mara mbili. Kila kipande kilitumika mpaka kikawa kama ganda la kitunguu, kisha Mama akakibandika juu ya kile kinachofuata kisipotee.

Bibi alifariki Alhamisi alfajiri.

Ya siku ile nimesahau mengi. Najua Baba alihangaikia sanda na barua ya balozi wa nyumba kumi mkononi mpaka mchana. Najua watu walijaa. Lakini kuna kitu kimoja nakiona kama kinatokea sasa.

Waoshaji walikuwa watatu, na Shangazi ndiye mkubwa wao. Chumba cha Bibi walikitundikia khanga mlangoni. Watoto tulifukuzwa, nami nikabaki kwenye ujia, kati ya mlango ule na ukuta, nimebana mgongo. Kipande kilikuwa mkononi mwangu, ndani ya pindo la khanga. Nilikwenda kukichukua mwenyewe kwenye godoro niliposikia maji yanatiwa ndooni, hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimekishika kwa nguvu, mkono ukatoka jasho, na kikaanza kulainika. Nilisikia kinateleza ndani ya kitambaa. Harufu yake ikanipanda mpaka puani, nazi na moshi, nikaogopa kwamba na wao wanaisikia.

Shangazi akasema, "Wifi, sabuni."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Khanga ile ya pazia ilikuwa imemwangukia begani. Nilimwona uso. Hakumtazama Shangazi, na hakutazama ndani alikolala Bibi. Alitazama kwenye ujia, giza lile nililokuwamo, akasema polepole sana:

"Sabuni haipo. Hata kipande."

Akakaa kimya. Nasema akakaa kimya kwa sababu kulikuwa na muda pale, muda wa mtu kuvuta pumzi tatu au nne. Mguu wangu wa kulia uliinuka. Ninakumbuka baridi ya sakafu ilipouacha unyayo. Ningepiga hatua mbili tu. Na kila nilichokiwaza kilikuwa kimoja: nikitoa kipande hiki, wanawake wote hawa watajua nimeiba, na watajua leo, mbele ya Bibi. Mguu ukarudi chini.

"Basi chumeni mkunazi," Shangazi akasema.

Mkunazi ulikuwa kwa jirani. Majani yakaja kapu zima, yakatwangwa kwenye kinu kile kile cha kisamvu baada ya kuoshwa, yakavurugwa kwenye maji. Mkunazi unatoa povu, nilikuwa sijui. Nililiona likipita kwenye kijifereji cha kutolea maji, povu jembamba la kijani, linakwenda uani na kuzama mchangani. Baadaye ikafuata harufu ya karafuu maiti, na mimi nikatoka mbio.

Nimekuja kujifunza ukubwani kwamba maji ya mkunazi ndiyo yenyewe, ndiyo yaliyoelekezwa katika kumwosha maiti, na karafuu maiti mwishoni. Shangazi alikuwa anajua alichokisema. Kwa hiyo Bibi hakupungukiwa na chochote. Nimejiambia maneno hayo mara nyingi, na ni ya kweli, na bado nikiwa peke yangu nauona ule mguu unarudi chini.

Usiku ule watu walipolala nilikitoa kipande, nikakiweka juu ya kifuniko cha debe. Asubuhi hakikuwapo. Siku ya tatu, wakati wa kisomo, niliona pembeni ya ndoo za kunawia wageni kuna visabuni vidogo vidogo, vimekatwa kwa mshipi, kila kimoja upana wa kucha ya dole gumba. Povu lilikuwa jingi. Wazee walikuwa wakinawa na kusifu, wanauliza sabuni hii imetoka wapi mwaka huu, na Mama akiwajibu, "Ni ya mjukuu wake. Yeye ndiye aliyeikoroga."

Hakuniuliza siku ile. Hakuniuliza nilipomaliza shule, wala nilipoolewa, wala miaka yote hii tunayokaa naye. Ninachotaka kujua ni kimoja. Aliposema "hata kipande", je, alikuwa anamjibu Shangazi, au alikuwa ananiambia mimi? Kama alijua nimesimama pale na alijua nimeshika nini, basi ule ukimya ulikuwa wangu, alinipa. Kama hakujua, basi nimebeba miaka 40 na zaidi kitu ambacho yeye hakuwahi kukiona. Sijui kipi kati ya hivyo viwili ni kizito zaidi, na kila ninapotaka kumuuliza naona ameshika kazi.

Sabuni ya mwanangu imeshikana vizuri. Juzi Jumatatu aliitoa kwenye boksi, na kisu kikawa kinaimeng'enya. Mama akamwambia aache, akaomba mshipi. Hatukuwa nao, akatumia uzi wa kushonea alioukunja mara mbili. Meno ya kubana ncha hana tena, kwa hiyo ncha moja nilishika mimi. Tukakata hivyo, yeye upande wake na mimi upande wangu, mtoto anapanga kwenye sinia.

Macho yake yamepungua, kwa hiyo alivihesabu kwa kuvigusa, kimoja kimoja, kwa kidole. Akafika mwisho. Akarudi akahesabu tena. Kisha akapapasa mezani, akakusanya vile vibaki vya pembeni, akavifinyanga kiganjani taratibu, anazungusha, anabana, mpaka vikawa kidonge. Mwanangu alinyoosha mkono kupokea.

Mama akampita, akanishika mimi kiganja, akakifungua, akakiweka pale.

"Hii yako," akasema, akarudi kwenye mchicha wake.